KQ, Ethiopian ama Emirates? Uliza Masaku kwanza

Ukipanga safari ndefu kutoka Nairobi, iwe ni London, Guangzhou, Toronto ama New York, utaishia kulinganisha majina yale yale: Kenya Airways, Ethiopian, Emirates, Qatar, pengine Turkish. Halafu video zinaanza. Huyu anapima upana wa kiti, huyu anatuonyesha sahani ya kuku na wali, mwingine anahesabu filamu kwenye skrini. Sina shida na hizo video. Lakini ni kama kuchagua nganya kwa sababu ya muziki na taa bila kuuliza iko ruti gani. Nganya ya Rongai haiwezi kukufikisha Kitui hata ikiwa na skrini kumi.

Maoni yangu ni haya: tofauti kubwa kati ya haya mashirika haiko ndani ya ndege. Iko chini, pale ndege zinapokutana. Na kama unashangaa kwa nini Mkenya anaenda Ulaya akipitia Addis, Doha ama Dubai, jibu halianzi na chakula. Linaanzia kwa maamuzi ambayo watu walifanya kabla sisi tuzaliwe.

Sisi wa Machakos tunafaa kuelewa hii story kuliko wengine.

Mji uliorukwa

Kabla Nairobi iitwe mji, Machakos ilikuwa kituo. Jina lenyewe linatoka kwa Masaku, kiongozi wa Wakamba wa karne ya 19. Kampuni ya Waingereza, IBEA, iliweka kituo hapa mwishoni mwa miaka ya 1880. Misafara iliyotoka Mombasa kuelekea Uganda ilipita huku, ikanunua chakula, ikapumzika. Afisa John Ainsworth alikuwa hapa kutoka 1892, akiendesha mambo ya Ukamba.

Halafu reli ikaja, na haikupanda milima yetu. Ilipita chini, kwenye mbuga za Athi, na Mei 1899 ikafika Nairobi, mahali palipokuwa kinamasi tu. Mwaka huo huo makao ya utawala yakahama kutoka Machakos yakafuata reli.

Ona, Machakos haikukosea kitu. Chakula kilikuwepo, soko lilikuwepo, watu walikuwepo. Ruti ndiyo ilihama.

Sahii ile steji ya Country Bus Nairobi watu wanaiita "Machakos Airport" kwa mzaha. Lakini ukiangalia vizuri, mzaha huo unafundisha biashara nzima ya ndege. Mtu anashuka kutoka Kitui, anabadilisha gari, anaenda Busia. Si ati basi la Busia ni zuri sana. Liko tu pale, saa ile anaihitaji. Bila hao watu wa kubadilisha gari, basi lingeondoka nusu tupu.

Ndege za safari ndefu ni hivyo hivyo. Chukua mfano wa ndege ya watu 300 inayoenda mji mmoja wa Ulaya. Abiria wa Nairobi peke yao hawawezi kuijaza kila siku. Lakini ukiokota ishirini Nairobi, kumi na tano Entebbe, kumi Lusaka, kumi Kigali, na hivyo hivyo kwa miji mingine mingi, wote wafike mahali pamoja ndani ya masaa mawili, ndege inajaa. Hapo pa kukutania ndipo panaitwa kitovu. Mwenye kitovu ndiye anapanga bei, ndiye anapata kodi, ndiye vijana wake wanaajiriwa kama marubani, mafundi na wapishi.

Nairobi ilikuwa na hiyo nafasi

Safari za kawaida za ndege kutoka Uingereza hadi huku zilianza 1931, wakati Imperial Airways ilifungua njia ya kupitia Kisumu hadi Mwanza. Sehemu za njia hiyo ilikuwa ni ndege za kutua majini, kwa hivyo Ziwa Victoria ndilo lilikuwa eapoti. 1932 njia ikafika Cape Town, na safari nzima kutoka London ilichukua siku kama 11. Mzigo wa maana ulikuwa barua. Abiria walikuwa wachache na matajiri.

Baada ya vita, Januari 1946, East African Airways ikaanza kuruka. Ilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na ilianza na ndege ndogo za de Havilland. Sasa shika hapo, ju kuna jirani alikuwa anafanya kitu kile kile wakati ule ule. Ethiopian Airlines iliundwa Desemba 1945 chini ya Mfalme Haile Selassie, kwa msaada wa kampuni ya Marekani, TWA. Ndege yake ya kwanza iliruka kwenda Cairo Aprili 1946.

Hao wawili ni marika kabisa. Wangekuwa watu, wangekuwa darasa moja. Na kwa miaka thelathini hivi, wetu hakuwa nyuma.

1957 East African Airways ilikuwa inaenda London kwa ndege zake. 1958 uwanja wa Embakasi ukafunguliwa, ndio leo unaitwa JKIA. 1960 shirika likapata Comet, ndege za jeti. Halafu kutoka 1966 likaanza kupokea Super VC10. Hii ndege inahitaji dakika moja.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Ndege inahitaji kukimbia mbali kabla ya kuinuka, na inabeba uzito mdogo. VC10 ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya viwanja kama hivyo, vya joto na vya juu. Nairobi ni mojawapo ya sehemu zilizofanya iundwe venye iliundwa, na injini nne nyuma kwenye mkia.

East African Airways ilinunua tano. Usajili ukagawanywa kama familia: mbili Uganda, mbili Tanzania, moja Kenya. Iliyokuja mwisho, 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani. Ilikuwa yetu. Moja ilianguka Addis Ababa Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Nne zikabaki.

1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kuoza. Idi Amin alichukua Uganda 1971 na Nyerere hakutaka kuketi naye meza moja. Kenya ilikuwa njia yake ya kibiashara, Tanzania ujamaa wake. Kila nchi ililalamika kwamba nyingine hailipi sehemu yake, na madeni ya shirika yakazidi. Januari 1977 ndege zilikuwa zinasimama. Tarehe 22 mwezi huo Kenya ikaunda Kenya Airways, na tarehe 4 Februari ikaanza kuruka na Boeing 707 mbili za kukodi kutoka Uingereza. Mwezi huo huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa tena 1983.

Na zile VC10 nne zilienda wapi? Zilirudi Uingereza. Jeshi la anga la Waingereza likazigeuza kuwa matangi ya kujaza mafuta ndege nyingine hewani. Zingine ziliendelea kuruka mpaka Septemba 2013. Yaani ndege tulizosema hazina faida kwetu ziliishi miaka 36 zaidi zikifanyia mtu mwingine kazi.

Watu husema 1977 tulipoteza shirika la ndege. Mimi naona tulipoteza steji. Abiria wa Kampala na wa Dar, ambao mpango wao wa kawaida ulikuwa kukutana nasi Nairobi, waliambiwa kila mmoja atafute njia yake. Na ikifika wakati wa kutafuta njia, kuna mtu atakuwa amesimama pale na gari.

Yule wa darasa letu

Ethiopia haikuwa na amani kutushinda. 1974 mfalme alipinduliwa. Wanajeshi wa Derg wakachukua nchi, wakafuata vita na njaa. 1984, mwaka wa ile njaa kubwa, Ethiopian ilipokea Boeing 767, na watu wengi duniani waliona hiyo ni aibu. Siwezi kusema hawakuwa na haki ya kukasirika.

Lakini kuna jambo moja ambalo serikali zote, ya mfalme, ya wanajeshi na zilizofuata, zilishika: shirika lilibaki mali ya nchi, na halikukatwa vipande. Lilifundisha marubani na mafundi wake nyumbani, likatengeneza ndege zake nyumbani, na kila ndege ikapangwa ipitie Addis. Lilikuwa la kwanza Afrika kupata Dreamliner, 2012. Leo lina ndege zaidi ya 100. KQ haifiki 50.

Na shida ya asili wanayo kutushinda. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Ndege iliyojaa mafuta ya kufika Marekani inapata shida kuinuka pale, ndiyo maana ndege za Ethiopian kwenda huko kwa kawaida hutua njiani kuongeza mafuta. Kutoka Nairobi, KQ inaenda New York bila kutua, karibu kilomita 12,000 na masaa kama 15. Ilianza Oktoba 2018. Kwa maumbile, sisi ndio tulipewa mahali pazuri. Wao walipanga vizuri.

Jangwa na dola milioni 10

Emirates nayo ilianza Oktoba 1985. Gulf Air ilikuwa imepunguza ndege za kwenda Dubai, na watawala wa Dubai hawakukaa kulia. Walitoa dola milioni 10, wakakodi ndege mbili kutoka shirika la Pakistan, na safari ya kwanza ikaenda Karachi. Wakati huo KQ ilikuwa na miaka minane tayari.

Dubai wakati huo haikuwa na abiria wengi wa kwake, na hata leo wengi wanaobebwa na Emirates wanabadilisha ndege tu. Waliangalia ramani wakaona wako katikati ya India, Ulaya na Afrika, wakajenga Country Bus ya dunia. Qatar ikafuata muongo mmoja baadaye, ikaanza kuruka 1994. Pesa ya serikali na mafuta ilisaidia, hilo hakuna wa kubisha. Lakini nchi nyingi zina mafuta. Zilizojenga kitovu ni chache.

Na KQ je?

KQ haikuwa uzembe tangu mwanzo. 1996 ilibinafsishwa, KLM wakanunua asilimia 26, na kwa miaka kadhaa ikawa mfano ambao Afrika nzima iliusoma. Faida ilikuwepo. Ila mpango huo ulikuwa na bei yake: Nairobi ikawa steji ndogo ya kulisha steji kubwa ya Amsterdam.

Baadaye wakaamua kukua haraka. Mpango uliitwa Mawingu, ndege mpya kubwa kwa mkopo. Dreamliner za kwanza zilifika 2014, wakati mbaya kabisa: Agosti 2013 JKIA iliungua, Septemba Westgate ikashambuliwa, 2014 Ebola ikafunga Afrika Magharibi. Mwaka wa fedha wa 2014/15 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7. Kisha ndege zile mpya zikakodishwa kwa wengine: Boeing 777 tatu zikaenda Turkish, Dreamliner mbili zikaenda Oman Air. Umeona vile historia inajirudia? VC10 ziliwafanyia Waingereza kazi, 777 zikaenda kujaza kitovu cha Istanbul.

2024 KQ ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12, Dreamliner tatu zikiwa zimekwama chini. Kama una ndege tisa tu za safari ndefu na tatu zimesimama, umepoteza theluthi ya biashara.

Na majirani? Air Tanzania imenunua Dreamliner. Uganda Airlines, iliyokufa 2001 ikafufuka 2019, ina Airbus kubwa mbili. RwandAir nayo ina zake. Nchi nne za jumuiya moja, kila moja na ndege kubwa chache, zote zikigombania abiria wale wale. Ni kama makanga wanne wanavutana na abiria mmoja huku Addis anaondoka na gari limejaa. Tulirudisha Jumuiya kwa karatasi, steji hatukuirudisha.

Kwa nini hii ni shida yetu sisi wa rika hili

Kuna safari moja napenda kuitaja. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81. Aliyeipanga ni Tom Mboya, ambaye alipitia shule ya misheni ya Kabaa, hapa hapa Machakos. Waamerika weusi maarufu kama Jackie Robinson na Harry Belafonte walisaidia kuchangisha pesa. Hadi 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wameenda kwa mpango huo, na Wangari Maathai alienda 1960. Hiyo ndege ilikodishwa ju kuna mtu alikaa chini akafikiria vijana wanaenda wapi na watarudi na nini.

Leo kwa vijana wengi wa mitaa yetu, safari ya kwanza ya ndege si ya masomo. Ni ya kazi, Doha, Dubai ama Riyadh, na ndege ni ya mwenye nchi anayeenda kumfanyia kazi. Sisemi kazi ni aibu. Nasema ukiangalia ni ndege ya nani inakubeba, unaona ni nani alikupangia.

Ndiyo maana sikushangaa 2024 vijana walipopiga kelele kuhusu mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani JKIA kwa miaka 30. Septemba wafanyakazi wa uwanja wakagoma, na Novemba Rais Ruto akafuta mpango huo, baada ya mashtaka dhidi ya Gautam Adani kutangazwa Marekani. Watu wengi walidhani tunapigania jengo linalovuja paa. Tulikuwa tunapigania kitovu chenyewe. Lakini kukataa peke yake haitoshi. JKIA bado ina njia moja tu ya kurukia ndege, na jengo jipya kubwa lililozinduliwa kwa shangwe lilifutwa 2016. Ethiopia inapanga uwanja mwingine mkubwa kabisa kule Bishoftu. Sisi bado tunabishana.

Sasa, ukate tiketi gani?

Baada ya historia yote hiyo, mimi ningelinganisha hivi.

Kwanza, ruti. Kama KQ inaenda moja kwa moja unakoenda, mfano London, Paris, Amsterdam, New York ama Guangzhou, na bei inakaribiana, chukua KQ. Si uzalendo wa kulazimishwa. Masaa matano ya kungojea ndege ya pili ni sehemu ya bei, na uchovu pia.

Pili, ikiwa lazima ubadilishe ndege, angalia unabadilisha upande gani. Kwa Ulaya na Marekani, Addis iko masaa mawili tu kutoka Nairobi na ni njiani. Dubai na Doha ni kama masaa matano kuelekea kaskazini mashariki, halafu unageuka kurudi magharibi. Kwa India, Uchina ama Australia, hapo Ghuba inaleta maana.

Tatu, hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa na ni tiketi moja, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua mbili tofauti ili uokoe elfu kumi, ikikupita ni shida yako. Pia uliza kama nchi unayopitia inataka viza hata kama hutoki nje ya uwanja.

Nne, usiogope kwa uvumi. KQ ilipoteza watu Abidjan 2000 na Douala 2007. Ethiopian ilipoteza watu 157 Machi 2019 wakija Nairobi, na Wakenya ndio walikuwa wengi zaidi. Mkasa huo ulifanya Boeing 737 MAX zisimamishwe dunia nzima. Hizo ni familia, si pointi za kubishania mtandaoni.

Kiti na chakula weka namba tano.

Na ukishapanda, ukifika huko kwa kitovu cha watu, tembea kidogo uangalie ubao wa safari. Hesabu ni miji mingapi ya Afrika imeandikwa pale. Entebbe, Lusaka, Kigali, Dar, Lilongwe. Hao wote wangeweza kuwa wanabadilisha ndege Embakasi, na wewe ama ndugu yako ungekuwa na kazi pale. Hilo ndilo swali la kumuuliza yeyote atakayekuja 2027 kutuomba kura: steji yetu utairudisha vipi?